Vikopo Vinne vya Nyumba Yetu

4 Februari

Kitinda mdogo wangu,

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu unamjua baba yako. Masikio yamekwisha, kwa hiyo kila simu lazima iwekwe sauti ya juu katikati ya meza, naye akae mbele yake kama anayesikiliza taarifa ya habari. Nikitaka kukwambia neno moja la siri, hakuna njia. Basi nimeona niandike, na dereva wa basi la asubuhi atakuletea.

Wamekuja. Wale watu wa mionzi tuliokuwa tunawasikia redioni wamefika mtaani kwetu na mashine zao zinazolia ti-ti-ti, wakapita nyumba hadi nyumba. Kumbe ile jasi nyeupe tuliyokuwa tunachota bure nyuma ya kiwanda cha mbolea, ile iliyopigiwa lipu nusu ya mtaa huu, ni mabaki ya sumu. Wanasema ina madini yanayotoa mionzi, na kuna gesi isiyo na rangi wala harufu inayotoka ukutani na kujaa ndani, hasa nyumba isiyopitisha hewa. Ukivuta miaka na miaka inakula mapafu. Nyumba ikionekana imezidi kipimo, inapigwa alama nyekundu mlangoni, wenyewe wanapewa miezi mitatu ya kuhama, kisha inabomolewa. Mpaka jana alama zilikuwa kumi na tisa.

Yetu haijapimwa. Baba alifunga geti kwa kufuli, akasimama ndani, akawaambia kama wana hamu ya kupima wapime subira yake. Walicheka, lakini wameacha barua. Tupeleke vipimo vya maabara inayotambulika kabla ya mwisho wa Aprili, la sivyo watarudi na polisi.

Unajua alivyo na nyumba hii. Ameijenga kwa mikono yake, jioni baada ya kumaliza lipu za watu, miaka sita mizima. Mama amefia humu, na mpaka leo hataki kitanda cha mama kisogezwe hata shubiri. Ukimtoa humu utakuwa umemzika. Wewe si uko huko maabara? Tupimie. Tupimie kimya kimya, na majibu uniambie mimi kwanza.

Mimi mzima. Cherehani nayo nzima, ila wateja wa sare za shule wamepungua kwa kuwa watoto wanahama. Wifi yangu Mwalimu umsalimie sana, umwambie bado namdai lile gauni nililomshonea bila hata kuletewa picha yake amelivaa.

Dada yako,
Sindano


12 Februari

Dada Sindano, shikamoo.

Barua imefika inanuka dizeli. Huyo dereva wako sijui alikuwa ameikalia.

Kwanza, msinipandishe cheo. Najua baba anawaambia watu mimi ni mtaalamu wa mionzi. Kazi yangu ni kupokea vifurushi, kubandika namba, kuvipitisha kwenye mashine na kuandika kilichosomeka. Lakini mkuu wa maabara ananiamini, na kipimo kikipita mikononi mwangu nikakisaini, ofisi ya huko inakipokea bila maswali.

Humu kwenye boksi kuna vikopo vinne vyeusi vya plastiki, kila kimoja kinaenea kiganjani. Gesi ile ikiingia ndani yake inaacha alama, na alama hizo ndizo tunazozihesabu. Kimoja sebuleni, kimoja chumbani kwa baba, kimoja chumbani kwako, kimoja jikoni. Vining'inize kwa uzi katikati ya chumba, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa. Siku thelathini. Usivifungue, usivihamishe. Na madirisha yabaki kama yanavyokaa siku zote, yaani yamefungwa, maana namjua mzee wetu na hofu yake ya vumbi la kiwanda. Hata matundu ya hewa aliyaziba kwa mwiko wake mwenyewe, nakumbuka nilimshikia ngazi.

Nitakwambia ukweli wa namba hata kama ni mbaya. Hilo niahidi na wewe, kwamba hutamwambia baba mpaka tujue la kumwambia.

Kazi hii ina upweke wake, dada. Siku nzima nakaa na vikopo vya watu nisiowajua, kila kimoja kimeandikwa chumba kilikotoka. Chumba cha watoto. Chumba cha bibi. Unajikuta unawawazia watu hao na hakuna wa kumwambia, kwa kuwa ni siri za wateja. Nikirudi nyumbani Mwalimu anasahihisha madaftari, tunakula, tunalala. Hatujagombana, tumechoka tu. Ila kuna jambo. Ana mimba ya miezi minne. Mwambie baba wewe, mimi naona haya.

Mdogo wako,
Kitinda


20 Machi

Baba mtarajiwa,

Hongera, na pole kwa kuona haya. Nilimwambia mzee, akauliza kama mtoto atazaliwa msimu wa mvua, kwa sababu lipu haikauki vizuri wakati wa mvua. Sikuelewa uhusiano wake. Lakini alivaa shati lake jeupe siku hiyo yote, na hapakuwa na safari.

Vikopo vyako hivi hapa, vinne, siku thelathini zimetimia. Vilikaa ulikosema. Nimeviandika kwa kalamu kila kimoja chumba chake, na nimevifunga kwenye kitambaa kilichobaki cha sare ili visigongane njiani.

Fundi viatu wa nyumba ya mkono wa kushoto amehama Jumamosi. Muuza mkaa wa nyuma naye kahama. Alama nyekundu sasa ni thelathini na mbili. Watu wakimpita baba njiani wanamsalimia kwa heshima ile ile, lakini hawasimami kama zamani, na yeye ameona. Wengi wao lipu ni yake. Jana aliniuliza, "Hivi wananikwepa mimi au wana haraka?" Nikamwambia wana haraka.

Usichelewe na majibu. Sijalala vizuri tangu uniletee hayo madude.

Sindano


3 Aprili

Dada yangu, shikamoo,

Kaa kitini kwanza. Namba ziko chini. Zote nne ziko chini, chini kuliko nyumba yoyote ya mtaa huo niliyowahi kuisoma. Nimezirudia mara tatu kwa sababu sikuyaamini macho yangu, na mkuu wangu akapita, akatazama, akasema nyumba hii mtu anaweza kulea pacha ndani yake.

Sijui baba alifanyaje. Labda jasi aliyotumia kwetu ilitoka mwanzo kabisa wa lile rundo, kabla hawajaanza kumwaga uchafu mwingine. Labda aliichanganya na saruji nyingi, si unajua hakupenda ubahili kwenye nyumba yake. Nimesaini, mkuu amesaini, mhuri umepigwa. Nakala yako hii hapa, nyingine imekwenda ofisini kwao.

Halafu jambo la kuchekesha. Kile kikopo cha jikoni kilikuwa na kinyesi cha ndege kwenye kifuniko. Nikacheka peke yangu mpaka mwenzangu wa meza ya pili akageuka. Tangu lini baba anafuga ndege jikoni?

Nimelia kidogo pia. Chooni, asinione mtu. Nilikuwa nimeshajiandaa kuwa mimi ndiye nitakayemtoa baba kwenye nyumba yake.

Kitinda


18 Aprili

Mdogo wangu,

Ofisi wamepokea. Walikuja wawili, wakafuta jina letu kwenye orodha yao, wakampa baba mkono. Baba amekwenda kuitia ile karatasi kwenye fremu ya kioo na kuitundika sebuleni juu ya redio. Kila anayepita anaitwa aingie aisome. Shida ni kwamba wanaopita sasa ni wachache.

Ndege aliingia dirishani. Siku hizi baba ananiruhusu kufungua la jikoni nikikaanga.

Mtaa umekwisha, Kitinda. Nilikuwa naamka kwa kelele za vyombo vya jirani na nikaona zinanikera. Sasa naamka kwa kimya, na kimya kile kinanikera zaidi. Upande wetu mzima tumebaki sisi na mzee mmoja fundi saa, naye anaondoka Mei. Nashona barazani mchana kutwa bila kusikia "hujambo" ya mtu. Baba anaongea na redio. Jana nilijikuta namwambia cherehani ngoja kwanza, nikaogopa.

Sikulaumu wewe wala mtu. Nilitaka tubaki, tumebaki. Sikujua kubaki kutakuwa hivi. Niandikie hata kama huna la kusema.

Sindano


2 Mei

Dada, shikamoo.

Nina la kusema, na najua litakuondolea huo upweke.

Maabara inanipeleka mashambani na gari la vipimo, kuanzia Juni mpaka Septemba. Tutakuwa tunalala kwenye mahema. Mwalimu atajifungua Julai, na mama yake hayupo duniani kama mama yetu asivyokuwepo. Huku tunapanga chumba kimoja juu ya karakana ya kuchomelea vyuma, moshi ni huo huo mchana kutwa. Sitaki mtoto wangu avute pumzi yake ya kwanza humu. Nyumba yetu ina nafasi, ina uwanja, na ina karatasi yenye saini yangu kwamba ni salama. Nyumba ngapi duniani zina karatasi hiyo?

Kwa hiyo nataka aje kwako. Atafika tarehe 30 mwezi huu, ajifungulie hospitali ya hapo, akae nawe mpaka mtoto afikishe miezi mitatu au minne. Aliposikia alifurahi mpaka nikaona wivu. Anasema atakukatia vitambaa na utamfundisha kushona.

Nilimpigia baba jana, ulikuwa umetoka. Amekubali kabla sijamaliza kusema.

Kitinda


8 Mei

Kitinda,

Barua yako imefika. Nashukuru kwa kunifikiria.

Lakini nimeona nikushauri kama dada. Safari ni ndefu kwa mjamzito. Hospitali ya hapa unaijua, wakunga wenyewe wamehama na mtaa. Paa la chumba cha nyuma linavuja. Maji yanatoka siku moja moja. Baba naye amekuwa mkali, hapendi kelele, na mtoto mchanga ni kelele. Na mimi kazi zimenibana, nisingependa wifi aje aone sina muda naye.

Mtafutie chumba kwingine huko huko, hata kwa mwalimu mwenzake. Itakuwa bora kwa wote.

Dada yako


14 Mei

Dada,

Kazi zipi? Mwezi uliopita uliniandikia kwamba unaongea na cherehani.

Barua yako Mwalimu aliisoma kabla yangu, maana alidhani ni ya kumkaribisha. Aliikunja, akairudisha kwenye bahasha, akaendelea na madaftari yake. Baadaye akaniuliza ni kosa gani alilokufanyia siku ya harusi. Ana wewe tu kama mwanamke wa kwetu, na wewe umemwandikia habari za paa.

Nimempigia baba na kumuuliza. Anasema paa halivuji na kwamba anamsubiri mkamwana wake kwa hamu. Anasema ameanza kukarabati chumba cha nyuma, kile alichokuwa analala mama, kwa ajili ya mtoto. Kwa hiyo kama kuna mtu asiyetaka kelele humo ndani, si yeye.

Tiketi tumekata. Tarehe 30 atashuka stendi na begi lake. Kama humtaki, mwambie mwenyewe usoni.

Kitinda


19 Mei

Mdogo wangu,

Nimempa dereva mkononi, nimemwapisha, na nimemwambia asipokupa leo hii hii asipite tena mbele ya baraza yangu. Soma mpaka mwisho kabla hujakasirika. Ukishamaliza, kasirika.

Vikopo havikukaa ndani.

Nilivitundika vizuri siku ya kwanza, kama ulivyosema, kwa uzi mweusi, katikati ya kila chumba. Baba alivizunguka kimoja kimoja, akaniuliza vinafanya nini. Nikamjibu vinanusa kuta. Kesho yake asubuhi nilikuta ameweka beseni la maji ya sabuni sebuleni, amekunja suruali, anasugua ukuta kwa kitambaa. Alianza saa moja. Mpaka adhuhuri alikuwa amemaliza sebule na amepanda stuli chumbani kwake, anahema, miguu inatetemeka. Nikamwambia baba shuka utaanguka. Akanijibu, "Mgeni akija kukukagua, unamkaribisha kwenye uchafu?"

Alidhani ni uchafu, Kitinda. Ana miaka sabini na minne na alidhani akiosha kuta zake vizuri vitu vyako vitaona zimetakata na vitamwacha.

Sikuweza. Alipolala mchana nilivitoa vyote vinne nikavitundika nje kwenye kamba ya nguo, chini ya upenu wa nyuma, upepo unapopita. Vikakaa huko siku ishirini na nane. Yule ndege hakuingia dirishani. Madirisha yamefungwa mpaka leo. Baba hajui. Nilimwambia vimemaliza kazi, nimevirudisha kwako.

Nilijiambia kwamba namdanganya mtu wa ofisi, basi, na kwamba baba ataishi miaka yake iliyobaki alipozoea. Na mimi nimeshavuta hewa hii miaka arobaini, nikaona mwaka mmoja wa kuongezea si kitu. Nilijifikiria mimi na baba tu. Sikuwaza kwamba kuna mtu mwingine angeiamini ile karatasi, na kwamba huyo mtu angekuwa wewe.

Uliponiandikia kwamba Mwalimu anakuja, niliruka. Nilifurahi kabla sijakumbuka. Nilipokumbuka nilikaa sakafuni pale pale. Hujui ninavyotaka aje. Nimeshashona nguo sita za mtoto, ziko chini ya kitanda changu. Siku tatu nzima nilikuwa najidanganya kwamba miezi minne haiwezi kumdhuru mtoto, kwamba nitafungua madirisha, nitamlaza barazani. Halafu nikamwona baba. Ametoa gunia la mwisho la jasi aliloliweka akiba stoo, analowanisha, anapiga lipu mpya chumba cha mtoto. Nyeupe, laini, unaweza kuteleza juu yake. Anaimba. Sijamsikia akiimba tangu mama.

Usimlete. Mwambie wifi ni mimi, si yeye. Mwambie nampenda.

Sindano


22 Mei

Dada,

Tiketi nimeirudisha. Mwalimu anajua yote. Amesoma barua yako mara mbili na amelia, sijui analilia nini hasa, nadhani zile nguo sita.

Mimi nimekasirika kama ulivyoniruhusu. Ulikuwa unisainishe kifo cha mtoto wangu. Nimezunguka karakana yote nikitafuta maneno ya kukuandikia na mengi si ya kumwandikia dada.

Lakini kuna kitu nimekiona nilipokuwa nazunguka. Mimi ndiye mpimaji. Nilishika kikopo cha jikoni chenye kinyesi cha ndege, kutoka nyumba ambayo matundu yake ya hewa yalizibwa nikiwa nimeshika ngazi. Namba zilikuwa za hewa ya nje. Mtoto wa shule angejua ni za nje. Mwenzangu wa meza ya pili angeletewa namba zile angeuliza. Mimi nilicheka, nikasaini. Nilitaka ziwe kweli kama wewe ulivyotaka, basi nikaacha kuwa mpimaji kwa dakika tano, na dakika tano zilitosha.

Kwa hiyo nimekwenda kwa mkuu wangu nikamweleza. Ameandika ofisini kwenu kufuta ile karatasi. Watakuja kupima wenyewe wiki ijayo. Kwenye safari ya mashambani sipo tena, na kwenye meza ya vipimo sijui kama watanirudisha.

Kumwambia baba ni kazi yako. Sitapiga simu. Hili asilisikie kutoka kwenye simu katikati ya meza.

Kitinda


9 Juni

Mwanangu Kitinda,

Mimi si mtu wa barua, na macho nayo yamekuwa ya kubembeleza, kwa hiyo utavumilia mwandiko. Dada yako alitaka kuniandikia nikakataa. Ya kwangu naandika mwenyewe.

Aliniambia nikiwa juu ya ubao, mwiko una jasi mbichi. Alisimama mlangoni akasema, "Baba, shuka, hiyo ndiyo inayoua." Kisha akanieleza yote, ya vikopo, ya kamba, ya karatasi. Nilimalizia kona niliyokuwa nayo. Usinishangae, lipu mbichi haiachwi katikati, mkono ulikwenda wenyewe. Halafu nikashuka nikaosha mwiko. Nilimwambia dada yako sina kinyongo naye. Kulala njaa kwa ajili ya mzazi ni rahisi, yeye alidanganya kwa ajili yangu, na kwake yeye hilo ni gumu zaidi kwa sababu hajui kudanganya.

Wamepima. Mashine ililia tangu mlangoni. Katika chumba cha mama yenu yule kijana wa ofisi aliitazama, akaizima, akaniomba tutoke nje tukaongelee uani. Sasa tuko chumba cha kupanga upande wa pili wa mji, mimi na dada yako na cherehani. Kuta ni matofali matupu na mikono inaniwasha kweli kweli kutaka kuzipiga lipu.

Kuna jambo ofisi hawakulijua. Mashine zao zilipita mtaa wetu tu. Mimi jasi ile niliipeleka mbali. Msimamizi wa kiwanda alituambia ni chokaa iliyobaki kwenye mbolea, chukueni, mnatusaidia kupunguza mlima. Nikachukua miaka kumi na saba. Nilipiga lipu zahanati, nilipiga madarasa mawili, nilipiga nyumba za watu hata sijui kama wako hai. Hakuna daftari. Liko kichwani mwangu. Lakini nyuma ya kila mlango niliomaliza nilikandamiza dole gumba langu kwenye lipu mbichi, chini pembeni, ili mtu akija kusema fundi mwingine ndiye aliyefanya kazi nzuri hii, nimwoneshe alama ya kidole changu. Kwa hiyo siku kumi hizi natembea na watu wa ofisi. Tunagonga, tunasalimia, nainama nyuma ya mlango, nawaonesha. Tumefika nyumba ya sitini na moja. Wengine wananifukuza. Mama mmoja alinikaribisha maji, akanishukuru kwa lipu ambayo haijapasuka miaka ishirini, na kikombe nikakirudisha kimejaa. Waliotupa mlima ule walishafunga ofisi na kwenda zao, hakuna anayewagongea mlango. Wa kugongewa ni mimi, basi wacha nigonge mwenyewe.

Sasa nina swali, na nimetaka niliandike ili dada yako asisikie. Wewe unapima, utalijua.

Mama yenu alikuwa hatoki chumba kile. Baridi ilikuwa inamsumbua, nikamzibia kila tundu. Alipoanza kukohoa nikasema ni vumbi la kiwanda, nikaongeza tabaka la pili la lipu, na la tatu, ili vumbi lisipite. Miaka kumi na tisa alilala akiutazama ukuta ule. Madaktari walisema mapafu.

Nakuuliza kama mwanangu na kama mpimaji. Ni mimi?

Baba yako


16 Juni

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisomea stoo. Huko ndiko walikonihamishia, napanga makopo matupu. Si kazi mbaya.

Nimekujibu mara nne. Barua ya kwanza ilisema hapana, si wewe, mama alikuwa na kifua tangu usichana wake. Ilikuwa barua nzuri na ungeipenda. Nimeichana. Dada alitaka usiumie, mimi nilitaka usiumie, na umeona mwenyewe tulikofikia.

Sijui, baba. Huo ndio ukweli wote nilio nao. Inawezekana ni ile jasi. Inawezekana siyo, maana wako watu wanaokufa kwa mapafu katika nyumba za mbao, na wewe umeishika kwa mikono miaka kumi na saba na unatembea mji mzima ukigonga milango. Kwa mtu mmoja, kwa mama, hakuna kipimo. Mimi sitajua, wewe hutajua, na hakuna mtu wa maabara yoyote atakayekuja siku moja kutuambia. Ulitaka ndiyo au hapana. Kwa ndiyo ungelia, kwa hapana ungepumzika. Nimekupa jibu lisilokupa hata kimoja, na naomba unisamehe.

Dada hajui kwamba umeniuliza, lakini najua kwamba na yeye anajiuliza, na mimi najiuliza tangu siku ya kwanza nilipokishika kikopo cha mtaa wetu. Kila mmoja amejifungia na swali hili peke yake.

Mwalimu atajifungua hapa, wiki ya pili ya Julai. Chumba ni kimoja na karakana inapiga kelele mchana kutwa, lakini dirisha linafunguka. Njooni wote wawili. Mwambie dada aje na nguo. Jibu sitakuwa nalo hata ukifika, baba, usije ukilitegemea. Njoo tu tukae sote chumba kimoja, usilibebe swali hilo peke yako.

Mwanao,
Kitinda